Kikombe cha Pema Kule Humla

Tangu nirudi, kila nikiegesha gari pale kanisani Carrollton, Texas, lazima mtu anishike mkono aniulize kama ni kweli nilienda Himalaya, na kufanya nini. Nimejibu kwa vipande vipande mpaka kila mmoja ana hadithi yake. Wengine wanasema nilipotea, wengine wanasema nilimfuata mwanamke, na Baba Kendi ameapa kwamba nilienda kuwa mtawa. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu tuendelee na maisha. Mambo ya tiketi, viza na vibali nayaruka, maana hayo mnayajua na hakuna aliyewahi kuyafurahia.

Kwanza mjue Pema ni nani. Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunza wazee. Yeye na mimi ndio tunaowainua, kuwaogesha na kuwalisha. Ametoka Humla, wilaya iliyo pembeni kabisa mwa Nepal, kaskazini magharibi, mpakani na Tibet. Ananiita dai, yaani kaka mkubwa. Kesi yake ya makaratasi haijaisha, kwa hivyo akitoka Marekani huenda asirudi tena.

Mama yake alikuwa na desturi ya kupanda kilima kilicho juu ya kijiji chao, mahali pekee penye mtandao, ili waongee. Kisha akaacha. Kila Pema akipiga, anayeshika simu ni kaka yake, Karma, na jibu ni lile lile: Ama, yaani mama, yuko sawa, yuko shambani, Ama amelala, yuko sawa. Msimu ukapita hivyo, ukaja mwingine. Siku moja tukikunja mashuka akaniambia, bila kulia, "Dai, mama yangu amekufa na wananificha."

Sikuweza kumwambia hapana. Nyinyi mnajua jinsi watu wa nyumbani wanavyotutendea sisi tulio mbali. Baba yangu alipofariki kule kwetu Timau, Kenya, niliambiwa yuko sawa, amelazwa kidogo tu, mpaka alipokwisha kuzikwa. Hawakuwa na nia mbaya. Walisema sina njia ya kufika, sasa kwa nini nilie peke yangu katika nyumba ya kupanga. Lakini tangu hapo, mtu akiniambia fulani yuko sawa, siamini mpaka nimwone.

Nilikuwa na likizo ambayo sikuwa nimeipangia kitu, na mnanijua nisivyotulia. Nikamwambia Pema nitaenda mimi. Nilidhani ataniomba picha. Akasema picha inaweza kuwa ya zamani. "Kaa naye," akasema. "Kula naye. Halafu uniambie."

Carrollton hadi Katy

Ndege yangu iliondokea Houston, kwa hivyo nilishuka na gari mpaka Katy kwa binamu yangu Kanana, nikampata jioni akiwa ametoka kazini. Wengi wenu mnamjua, yule muuguzi mwenye nyumba kubwa na zulia jeupe ambalo mtu huogopa kulikanyaga. Alinipikia mukimo, akanitazama nikila kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali.

"Hebu nielewe," akasema. "Umekaa miaka mingi hujaenda kumwona Maitu wako Timau. Sasa umepata off, unaenda kumwona mama wa mtu mwingine?"

Nikamwambia Mama yangu ninajua yuko hai, tumeongea Jumapili.

"Ah. Kumbe ukiwa hai hutembelewi."

Wanawe wakacheka, wakasema kitu kwa Kiingereza kuhusu mimi na mbuzi wa milimani. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu mukimo ilikuwa tamu. Asubuhi, kabla hajanipeleka uwanjani, Kanana aliingia stoo akatoka na pakiti mbili za majani ya chai ya kwetu, zile anazoletewa na wageni na kuzificha. Akazisukuma ndani ya begi langu. Alisema anaweza kunichekea vile atakavyo, lakini hawezi kuacha mtu wa ukoo wetu aingie nyumbani kwa watu mikono mitupu.

Katy hadi Kathmandu

Kuhusu angani sina mengi. Nilikaa kando ya bwana mmoja aliyelala begani kwangu bahari nzima. Tulibadilisha ndege Doha, nikatembea uwanja ule mpaka nikaona saa zile zile za kuuzwa mara tatu.

Kathmandu ilinipokea kwa vumbi, honi na harufu ya ubani. Nilikula momo, vile vifuko vya unga vyenye nyama vilivyopikwa kwa mvuke, katika kibanda chenye meza moja. Mwenye kibanda aliniuliza ninatoka wapi. Nikasema Texas. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akacheka kwa adabu, akaniuliza tena. Nikasema Kenya. Uso ukafunguka. Akaita mke wake aje kumwona mtu kutoka nchi ya wakimbiaji. Kumbukeni hapo, maana sifa hiyo ilinitesa baadaye.

Nepalgunj, tulipokwama

Kwenda Humla unashuka kwanza kusini, Nepalgunj, mji wa tambarare wenye joto kama la Houston mwezi wa Agosti. Kutoka hapo vindege vidogo huruka asubuhi tu, kabla upepo wa milimani haujaamka. Wingu likikaa huko juu, hakuna ndege. Na wingu lilikaa.

Karma alikuwa ameshuka kunipokea. Ni mwanamume mfupi, mabega mapana, aliyewahi kupika kwenye kambi za wapanda milima na kujifunza Kiingereza huko. Nilimtazama sana usoni kutafuta msiba. Nilipomwuliza habari za mama, akaangalia viatu vyake.

"Ama yuko sawa," akasema.

Nikamwuliza kama yuko hai. Akasema ndiyo, yuko hai, yuko sawa, nitaona mwenyewe. Halafu akabadilisha habari, akaniuliza kama Pema bado hali vitunguu. Baba yangu naye niliambiwa yuko hai wiki nzima akiwa chini ya udongo. Sikuuliza tena.

Kila alfajiri tulikwenda uwanjani na mizigo, kila asubuhi tukarudi nayo. Chumba cha kungojea kilikuwa na mapanga boi yanayozungusha joto, na watu waliobeba matairi, vifaranga kwenye boksi, na magunia ya vitunguu. Tulianza kujuana. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka hospitali na goti jipya aligawa machungwa kila siku, na akaninunia siku niliyokosa kuchukua.

Siku wingu lilipoondoka, karibu nibaki. Karma alikuwa ameenda kutafuta chai. Karani akapita, nikamwuliza kama tunaruka. Akayumbisha kichwa huku na huku, kulia na kushoto, akitabasamu. Nikaona basi, leo tena hapana, nikavua viatu nikajinyoosha kwenye benchi. Yule mama wa machungwa ndiye aliyenigonga mguu kwa mkongojo wake na kunionyesha kila mtu akikimbilia mlangoni. Kumbe kichwa kile kule maana yake ni ndiyo. Nilipanda ndege nikiwa na kiatu kimoja mkononi.

Simikot

Sijawahi kuomba kama nilivyoomba ndani ya kile kindege. Hakiruki juu ya milima. Kinapita katikati yake, unaona mbuzi kwenye mwamba uliolingana na dirisha lako. Simikot, makao makuu ya wilaya, imekaa kwenye bega la mlima, na kiwanja chake kimeinama kama paa. Magurudumu yalipogusa, abiria wote walitoa pumzi kwa pamoja na mtu mmoja akacheka.

Nilishuka, nikavuta hewa, nikasimama. Mniamini au msiniamini, nilinusa Timau. Baridi ile kavu, moshi wa kuni, kondoo, udongo wa viazi uliofukuliwa. Kwenye matuta palikuwa na shayiri iliyokwisha kuvunwa, kama ile iliyozunguka nyumba yetu nilipokuwa mdogo, na juu kabisa theluji mahali ambapo Mlima Kenya ungekaa. Karma aliniuliza kama ninaumwa na kichwa kwa sababu ya kimo. Nikasema ndiyo, ilikuwa rahisi zaidi kueleza.

Njia ya mto

Kuna barabara ya vumbi inayochongwa kutoka Simikot, lakini maporomoko yalikuwa yameibeba sehemu yake, kwa hivyo tulitembea. Njia inafuata mto Karnali, ulio na rangi ya jiwe la kijivu lililosagwa, na unanguruma muda wote hata mnaongea kwa kupaza sauti. Unashuka mpaka ukingoni mwa maji, kisha unapanda kila ulichoshuka.

Karma alikuwa amewatangazia watu wa kila nyumba ya wageni kwamba analeta Mkenya. Kwa hivyo walitoka nje kuniona nikikimbia. Waliona mtu wa miaka arobaini na kitu, tumbo la Carrollton mbele, akihema kama mbwa wa jua kali. Bibi mmoja aliyebeba kuni kumzidi kimo alinipita kwenye mteremko, akageuka, akasema neno, na wote wakaangua kicheko.

"Amesemaje?" nikauliza.

Karma alisita. "Anasema labda wale wazuri walikuwa na shughuli."

Tulikula wali na dengu mchana na usiku, na mkate wa ngano nyeusi uliochovywa kwenye pilipili. Wanakuongezea chakula bila kukuuliza, na mimi, kwa malezi ya mama yangu, nilimaliza kila kilichowekwa. Kwetu kuacha chakula, na zaidi sana kuacha chai kikombeni, ni kama kumwambia mwenyeji kwamba unaogopa mkono wake. Hilo nililibeba mpaka Humla pamoja na majani ya Kanana.

Tulipokaribia kijiji Karma akatangulia mbele, macho kwenye viatu vyake. Nilijua dalili ile. Nilianza kutunga maneno nitakayomwambia Pema, na yote yalikuwa mabaya.

Nyumba ya akina Pema

Nyumba zao ni za mawe, paa bapa, unapanda kwa gogo lililochongwa vidato. Tuliingia katika chumba chenye giza la moshi na jiko la chuma katikati. Mke wa Karma, Lhamo, alinipokea kwa viganja viwili vilivyokutanishwa na kunionyesha mahali pa kukaa, kwenye zulia karibu na jiko. Nilizungusha macho. Hakukuwa na mwanamke mzee. Kulikuwa na kitanda chembamba kilichotandikwa vizuri sana, kama tunavyotandika sisi kazini mtu akishaondoka asirudi.

Mbele yangu, kwenye meza fupi, palikuwa na kikombe cha mti chenye ukingo wa fedha, kimejaa chai pomoni. Nikafikiri nimewekewa mapema na nikachelewa kufika, maana siagi ilikuwa imeanza kuganda juu. Nikaona aibu kumngojesha mwenyeji. Nikakishika kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikanywa chai ile baridi ya chumvi na siagi mpaka tone la mwisho, nikakirudisha mezani kwa sauti ili wasikie nimemaliza.

Lhamo alikuwa amefunika mdomo. Karma alisimama na begi langu mkononi bila kulitua.

"Hicho si chako," akasema polepole. "Hicho ni cha Pema."

Kisha akanieleza. Mtu wa nyumba yao akisafiri mbali, anamiminiwa kikombe na kinakaa kimejaa mahali pake, ili njia imrudishe. Cha Pema kimemiminwa kila asubuhi tangu aondoke. Jioni kinamwagwa kwa heshima, asubuhi kinajazwa upya. Hakuna aliyewahi kukigusa, hata jirani mlevi.

Nilitaka sakafu ipasuke. Nilianza kuomba msamaha kwa lugha zote nilizo nazo, Kimeru kikiwemo. Halafu, katikati ya kuomba msamaha, jambo likanijia.

"Nani humimina?" nikauliza.

"Ama tu. Mwingine haruhusiwi."

"Na hiki? Hiki nani alimimina?"

Karma hakuwa na uhakika, tulikuwa naye njiani. Akamwuliza Lhamo. Lhamo, bila kuondoa mkono mdomoni, akaonyesha nje, kwenye mashamba. Ama alikimimina asubuhi ile, kabla ya kwenda kuchimba viazi.

Ndugu zangu, niliketi pale na ladha ya siagi kwenye meno, mgeni aliyekunywa kikombe cha mtu, na nikafurahi kuliko nilivyofurahi tangu niingie Marekani. Karma alidhani nimeanza kuugua.

Akaingia Ama akiwa na kikapu mgongoni, mwanamke mzee mwenye umbo dogo, misuko miwili ya nywele na udongo mpaka kwenye viwiko. Nilisimama. Lhamo alianza kumweleza, kisha akapaza sauti, kisha akamsogelea sikio la kushoto na kupiga kelele kabisa. Hapo ndipo nikaelewa yote, hata kabla Karma hajaanza kunieleza, akitazama viatu vyake. Masikio ya Ama yalikuwa yameziba. Kwenye simu alisikia mvumo tu, kama mto. Alikuwa akijibu ndiyo, ndiyo, kwa maswali asiyoyajua, akaona anamdanganya mtoto wake, akaacha kupanda kilima. Akamkataza Karma kumwambia Pema, kwa hofu kwamba msichana ataacha kesi yake aje. Walikuwa wakimficha kweli. Ila walichokuwa wakikificha kilikuwa kidogo kuliko tulichokiogopa.

Ama aliinua kikombe. Akakiinamisha, kuona kama kuna kilichobaki. Kisha akanitazama, akasema maneno machache, na Karma akaanza kucheka kwa mara ya kwanza tangu Nepalgunj.

"Anasema Pema naye hakuwahi kungoja kukaribishwa."

Akanijazia kingine, cha moto, katika kikombe cha kawaida. Nilipokimaliza akajaza tena. Nikamaliza, akajaza. Tuliendelea hivyo, yeye akishangaa kiu ya Wakenya na mimi nikishangaa ukubwa wa birika, mpaka Karma alipotuhurumia sote wawili akaniambia kwamba kule asiyetaka zaidi huacha kikombe kimejaa.

Juu ya kilima

Asubuhi tulipanda kilima, Ama mbele, mimi nyuma kama kawaida. Texas ilikuwa jioni. Pale hupita sauti tu, picha hazipiti. Pema alishika kabla simu haijalia vizuri, na nilisikia kengele za wagonjwa nyuma yake. Nilikuwa nimetunga hotuba. Hakunipa nafasi.

"Dai, umeingia ndani ya nyumba?"

"Nimeingia."

"Karibu na jiko, upande wa kushoto. Kulikuwa na kikombe?"

"Kulikuwa."

"Kimejaa?"

"Kilikuwa kimejaa."

Kengele zikaendelea kulia kwake. Upepo ulikuwa ukivuta koti la Ama.

"Kwa nini unasema kilikuwa?"

"Nilikinywa, Pema. Chote. Sikujua."

Nilisikia kitu kikianguka kule Carrollton, baadaye akaniambia ilikuwa trei ya vidonge. Alicheka mpaka kicheko kikageuka, na nikamwacha alie, maana kilio kile nilikijua nacho hakikuwa kibaya. Nikamweleza kuhusu masikio. Kisha nikampa Ama simu.

Ama aliishika kama mtu anayeshika kioo. Hakuwa na cha kusikiliza, kwa hivyo aliongea tu. Aliongea mpaka jua likatupata. Karma alinitafsiria kidogo: viazi, ng'ombe aliyezaa, nani ameolewa, kwa nini yeye mwenyewe aliacha kupanda kilima. Kila baada ya muda alinyamaza kumpa binti yake nafasi ya kujibu, ingawa hakusikia, na alipoona nafasi imetosha akaendelea.

Wanafanya hivyo hadi leo. Ama anasema, Pema anasikiliza, Karma hupewa majibu ampigie Ama kelele sikioni.

Kurudi

Sitawachosha na safari ya kurudi. Ndege iliruka siku ya kwanza, na karani alipoyumbisha kichwa nilikimbia kama Mkenya.

Ila siku niliyoondoka kijijini, mizigo ikiwa mlangoni, Ama alipokea pakiti za Kanana, akanusa, akaziweka mahali pa kuabudia, kando ya taa za siagi. Kisha akaniita nikae. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Cha Pema, kimejaa. Na kile changu cha kawaida, kando yake, kimejaa, kinafuka moshi. Mkono wangu ulitoka wenyewe. Karma akanidaka kifundo cha mkono.

"Hicho sasa ni chako," akasema. "Kwa hivyo usikinywe."

Kuinuka pale na kuiacha chai ya mama wa watu ikiwa ya moto kulinitesa kuliko mlima wowote.

Nilipofika Carrollton nilimpigia Mama Timau, haikuwa hata Jumapili. Nilimsimulia yote. Nilimaliza kwa kumwambia, nusu mzaha, awe ananimiminia kikombe na mimi, akiache mezani mpaka nije.

Nilimsikia akisukuma kuni jikoni.

"Mutwiri," akasema, "mimi siachi chai ipoe. Wewe njoo, nitachemsha ukifika."

Kanana ameshaniuliza ni lini naenda Timau. Safari hii nina jibu.